Sura ya Saba: Ulijua Ukanyamaza

Mama yake Fundi Baridi hakuja kunywa chai, ingawa aliinywa na akaomba iongezwe. Alikuja na swali moja, na swali lenyewe alilikalia kama kuku anavyokalia mayai, akiongea habari za magoti yake na za jirani yake mwenye redio ya makelele, mpaka shangazi yake Sindano alipomaliza kupangusa meza akaketi.

"Sasa mwanangu," akasema, akimgeukia Sindano. "Nimesikia neno. Limetoka kwa huyu mwanangu, alikuwa analisema peke yake huku amenuna, na mimi masikio ninayo. Kwamba ukishaolewa hutaki kuzaa. Nikasema sitalibeba neno la kuokota. Nitaenda nimuulize mwenyewe, kinywa anacho."

Sindano alikuwa kwenye kigoda karibu na dirisha. Mkabala naye, kwenye kochi, alikaa mchumba wake. Kijana huyu alikuwa akitengeneza friji na viyoyozi, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Fundi Baridi. Binti alikuwa mshonaji katika safu ya vibanda vya mafundi cherehani nyuma ya soko. Jina la Sindano alipewa kwa sababu ya kazi, likabaki kwa sababu ya ulimi. Zamani macho ya hawa wawili yakikutana, chai ilikuwa inapoa mezani bila mtu kukumbuka. Leo yalikutana kama watu waliogongana mlangoni, kila mmoja akingoja mwenzake apishe.

"Ni kweli nilisema, mama," Sindano akajibu. "Ila sikusema sitaki. Nilisema naogopa."

"Unaogopa uchungu? Nani hakuogopa uchungu?"

"Uchungu unapita. Naogopa hiyo dunia atakayoikuta. Joto linazidi kila mwaka, na mvua ikija inakuja kama imetumwa kuua. Si uliona mwenyewe msimu uliopita? Maji yaliingia kibandani kwangu mpaka hapa." Akajigusa goti. "Cherehani aliyoniachia marehemu mama ililala kwenye matope. Tangu siku ile, wingu likijikusanya tu, mikono inanitetemeka. Nikifungua simu, huku msitu unawaka, kule bahari inakula nyumba za watu. Silali. Chakula hakipiti. Sasa nichukue kiumbe kisicho na kosa nikitie humo?"

"Halali kweli," shangazi akasema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuchoka na jambo. "Namsikia anatembea. Na wingu hata liwe la kupita, atapandisha vitambaa vyote juu ya kabati. Nimemwambia hiyo simu aizime. Nimesema mpaka midomo imekauka."

Mama yake Fundi Baridi akaweka kikombe chini.

"Mwanangu, hii dunia imeanza kuisha kabla mimi sijazaliwa. Bibi yangu aliambiwa inaisha mwaka ule ule, akabeba mimba. Akaambiwa tena, akabeba nyingine. Kama angengoja ihakikishwe, leo chai yenu ingenywewa na nani?"

Sindano karibu acheke. Nasema karibu, maana kicheko kilikwisha kufika kwenye pembe za mdomo, na kama wangemwachia dakika mbili pengine siku ile ingeishia kwa heri. Lakini Fundi Baridi alikuwa mtu wa kupenda amani, na watu wa namna hiyo wana kosa lao: wakiona moto hutafuta kichekesho cha kuumwagia, wasiangalie ndani ya ndoo kuna maji au mafuta ya taa.

"Mama, usimsumbue," akasema. "Ugonjwa wake unaitwa simu. Nikimwoa tu, naitia simu yake ndani ya friji. Ikipoa simu, na yeye atapoa."

Mama yake akacheka. Hata shangazi akatabasamu, akaficha mdomo kwa kanga. Kijana alipoona kichekesho kimemwendea vizuri, akaongeza: "Tena akipoa vizuri atazaa mapacha."

Sindano akainuka. Akakusanya vikombe taratibu, kimoja baada ya kingine, akafika kwa mchumba wake akakichukua na cha kwake.

"Sijamaliza," Fundi Baridi akasema.

"Umemaliza."

*

Hasira ya Sindano haikuwa ya kelele. Ilikuwa kama pasi ya mkaa: kwa nje huoni kitu, ujaribu kuigusa. Asubuhi alipokuwa njiani kwenda karakana kwa mchumba wake, alikuwa amekwisha kujipangia maneno ya upole. Atamwambia, mpenzi wangu, jana uliniumiza. Atamwambia, mimi nikikwambia naogopa, sikuombi dawa, nakuomba usinicheke mbele za watu. Basi. Halafu wangeongea harusi.

Karakana ilikuwa uwanja wenye geti la mabati. Friji zilizong'olewa milango zilisimama kwa safu, kama watu waliovuliwa nguo kwenye foleni ya daktari. Fundi Baridi alikuwa amechuchumaa nyuma ya friji moja kubwa ya muuza nyama, mgongo ukielekea geti, hakumwona mtu akiingia. Sindano akasimama kwanza, amtazame. Alimpenda hata mgongo wake, huyu mtu, na kile kishati cha kazi alichomshonea mwenyewe, kilichochakaa mabegani.

Fundi Baridi akazungusha spana. Ikatoka sauti ndefu, ssss, kama nyoka aliyekanyagwa, na moshi mweupe mwembamba ukapanda ukapotea.

"Pumua, mzee," akaiambia friji. "Pumua, tufanye kazi."

Ndivyo mafundi wa kazi ile walivyozoea. Friji haikatwi bomba wala haichomelewi mpaka gesi iliyomo ndani itoke, nao waliiachia tu hewani, wakaita kumwacha mzee apumue.

Maneno yote ya upole yakamtoka Sindano kichwani.

"Hiyo ndiyo gesi ile?" akauliza.

Fundi Baridi akageuka, akatabasamu kwa furaha ya kweli. "Ah, mwenzangu. Umekuja. Nilidhani utaninunia wiki nzima."

"Nimekuuliza. Hiyo ndiyo ile gesi uliyonieleza?"

Tabasamu likapungua. Walipoanza kupendana, yeye mwenyewe ndiye aliyemweleza. Alikuwa ametoka kwenye mafunzo, amerudi na mashine mpya ya kuvutia gesi na kuitia mtungini, kifua kimejaa, anataka mchumba amsifu. Akamwambia gesi hii ikitoka hukaa juu kule kama blanketi zito, joto lisipate pa kutokea. Akamwambia fundi mwenye akili haiachii hata kidogo. Sindano alimpendea maneno yale. Na mashine yenyewe ilikuwa pale pale ukutani, imefunikwa turubai, na juu ya turubai kuna vumbi la kuandikia jina.

"Ulijua," Sindano akasema.

"Sindano, sikiliza."

"Ulijua. Usingejua nisingesema neno. Wangapi hawajui? Lakini wewe ulijua, tena ukanifundisha na mimi."

"Ile mashine inachukua muda. Mteja amesimama hapo mlangoni anatazama saa. Yule fundi wa ng'ambo ya barabara anafungua, anaachia, anamaliza, anapokea kazi nyingine. Mimi nikae hapa nachunga mtungi kama mbuzi?"

"Jana ulinicheka mbele ya mama yako."

"Nilitaka mcheke wote. Mlikuwa mmekaza nyuso kama mko msibani."

"Ulinicheka kwa hofu ambayo wewe unaipika hapa kila siku. Mimi nakesha, wewe unaniambia ni simu. Unaniambia nipoe. Halafu ukiamka unakuja hapa unamwambia mzee apumue."

Wahenga walisema hasira hasara, na wao walikuwa watu wazima, tuwaheshimu. Lakini walisahau kusema kwamba kuna hasara nyingine ya mtu aliyebanwa kwenye kona ya kosa lake. Huyo hujitetea kwa chochote kilicho karibu na mkono. Fundi Baridi alisimama, uso umemwiva, spana bado mkononi.

"Kwa hiyo kesi ya mafuriko naletewa mimi? Friji yangu hii moja ndiyo iliyoingia kibandani kwako ikalaza cherehani kwenye matope?"

"Sikusema hivyo."

"Unasema. Nyani haoni kundule, Sindano. Mimi najua kilichoingiza maji kwako. Nilikishika kwa mikono yangu hii."

Likatoka. Na lilipotoka tu, Fundi Baridi akafumba macho, kama mtu aliyeangusha sahani akiwa bado anaisikia inavyovunjika.

"Kilikuwa nini?" Sindano akauliza polepole.

"Basi. Nimekosea. Tuyaache."

"Ulichokishika. Kilikuwa nini?"

"Sindano, nakuomba."

"Sema, au naondoka sirudi."

Akaweka spana juu ya friji. "Vitambaa," akasema. "Mtaro wa nyuma ya vibanda vyenu ulikuwa umezibwa na vipande vya vitambaa. Si kila jioni mnafagia, mnasukumia mtaroni? Safu nzima. Asubuhi ile nilipokuja kuuzibua, nilivuta nikavuta, vinakuja tu kama utumbo wa ng'ombe. Vya njano, vya bluu. Na ile zambarau ya sare za kwaya. Hakuna mwingine aliyeshona zambarau ile, ni wewe peke yako."

Nje, mtu alipita na mkokoteni wenye gurudumu linalolia. Walimsikia mpaka alipokata kona.

"Ukavipeleka wapi?"

"Nilivitia kwenye gunia, nikavitupa mbali. Usivione."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa umekaa kwenye matope unalia, umeikumbatia cherehani ya mama yako." Akapangusa grisi viganjani. "Ulitaka nikwambie nini? Nikwambie, mpenzi, umejizamisha mwenyewe?"

Mwanamke mwingine angelainika hapo. Na kwa kweli moyo wa Sindano ulilainika mahali fulani, chini kabisa, akauhisi, akakasirika zaidi.

"Ndiyo," akasema. "Ungeniambia hivyo hivyo. Miezi yote hii nalala macho wazi nadhani mbingu imenichukia. Natazama mawingu kama mtu anayemtazama muuaji wake. Kumbe kulikuwa na mtaro. Kitu kilicho mlangoni kwangu. Kitu ninachoweza kukifikia kwa mkono."

"Haikuwa mtaro tu. Mvua ile ilikuwa kubwa kweli, sijawahi kuiona."

"Najua ilikuwa kubwa. Na nyingine zitakuja kubwa kuliko hiyo. Sasa mvua kubwa inataka mtaro wazi au mtaro ulioshindiliwa sare za kwaya?" Machozi yalikuja, akayapangusa kwa kiganja kwa ukali, kana kwamba ni nzi. "Ulinionea huruma, ukaninyima kazi ya kufanya. Umeniacha na hofu mikono mitupu. Na hiyo ndiyo uliyokuja kuicheka."

Fundi Baridi akapiga hatua. Sindano akainua mkono.

"Mwambie mama yako tarehe ya harusi asiitafute."

"Kwa sababu ya gesi?"

"Kwa sababu sijui kama naweza kuzeeka na mtu anayenificha akinipenda na kunicheka akinichoka. Usinifuate."

Na hakumfuata. Alibaki amesimama kati ya zile friji zake zisizo na milango, na ile ya muuza nyama ilikuwa imekwisha kumaliza kupumua.

*

Sindano alifika kwenye vibanda hana salamu ya mtu. Jirani yake wa kulia aliitwa Mama Vifungo, mwanamke mnene, mcheshi, aliyeshona nguo za watoto na kujua habari za kila nyumba. Wa kushoto alikuwa Mzee Suruali, ambaye hakushona kingine na hakuvaa suruali isiyo na mkunjo wa pasi.

"Jana nani alifagia akamimina mtaroni?" Sindano akauliza.

"Swali gani hilo?" Mama Vifungo akasema. "Sote. Na wewe umo."

"Na mimi nimo. Ndiyo maana nimekasirika."

Akawaeleza. Mzee Suruali akasikiliza akiwa na pini mdomoni, akazitoa.

"Waliotufundisha kazi walifagia hivyo hivyo," akasema. "Na mtaro haukuziba."

"Waliokufundisha walishona pamba, mzee. Pamba inaoza. Hivi tunavyoshona sisi siku hizi, ukivichoma vinayeyuka kama mfuko. Vitaoza lini?"

"Mtoto wa watu," Mama Vifungo akasema, akicheka kidogo, "mvua analeta Mungu."

"Mvua ya Mungu. Vitambaa vyako."

Kicheko cha Mama Vifungo kikakatika katikati. Sindano akaingia kwa muuza vifaa vya ujenzi, akaazima beleshi, akapandisha gauni akalifunga kiunoni, akashuka mtaroni.

Harufu ilimpiga usoni. Maji meusi yalimfika kwenye vifundo vya miguu, na chini yake ulikuwapo ule ulaini wa kuchukiza, tabaka juu ya tabaka. Akachoma beleshi, akanyanyua, akatupa juu. Na upande wa juu, juu ya paa la soko, wingu lilianza kujikusanya. Mikono ikamtetemeka kama kawaida yake. Lakini mara hii ilikuwa imeshika mpini, na mtetemo ukashuka ukaishia kwenye kazi. Moyo uliendelea kumwenda mbio, sitawaongopea. Hofu haikuondoka. Ilipata tu mahali pa kukaa.

"Anatia aibu safu nzima," alisikia Mama Vifungo akinong'ona.

"Mwache," Mzee Suruali akasema. "Atachoka."

Hakuchoka. Alipotupa juu fungu la vitambaa vya maua, vile vile vya magauni ya watoto, likaanguka mbele ya miguu ya Mama Vifungo, mwanamke yule alilitazama kwa muda. Akasema neno moja baya ambalo sitaliandika. Akaingia ndani, akatoka na magunia, akaanza kuokota. "Yule mtengeneza magodoro kule chini si hulalamika hana cha kujazia mito?" akasema, akiongea na gunia zaidi kuliko na mtu. "Tungekuwa tunampa yeye. Vikikaushwa vinafaa. Ijumaa kwa Ijumaa angepita." Baada yake wakaja wengine, mmoja na ndoo, mwingine na reki. Mwisho Mzee Suruali akakunja suruali yake yenye mkunjo mpaka magotini, na soko lote likapata habari, maana hakukuwa na mtu aliyewahi kuiona miguu ya mzee yule.

"Kumbe una miguu," Mama Vifungo akamwambia.

"Fanya kazi, mama. Usinitazame."

Ni wakati huo ambapo mtu mwingine alishuka mtaroni kwa upande wa chini, amevaa gambuti, ana koleo la zamani lenye mpini uliopasuka. Akainama akaanza kuchota. Sindano alimjua bila kumtazama. Walifanya kazi wakielekeana, huyu akitoka juu na yule akitoka chini, mpaka wakafika mahali pa kusikilizana.

"Nilisema usinifuate."

"Sikukufuata wewe. Nimefuata mtaro."

"Huna kazi huko kwako?"

"Ninayo. Nimeifunua ile mashine." Alichota, akatupa. "Mteja wa kwanza nilimwambia asubiri ivute. Akanitukana, akabeba kiyoyozi chake akaenda kwa yule wa ng'ambo. Wa pili alikaa kwenye benchi amenuna. Nikamwacha anune, akachukua kitu chake kizima, akaenda."

"Na kesho watakukimbia wengine."

"Watanikimbia. Nitakula nini sijui. Lakini yule mwenzangu wa ng'ambo nimemwendea, nimemwambia ailete gesi yake kwangu niivute. Amesema nimerogwa. Kesho nitamwendea tena."

Sindano akaegemea beleshi lake. Alimtazama sasa, kwa mara ya kwanza tangu karakana. Uso wa Fundi Baridi ulikuwa na matope mpaka kwenye nyusi, na macho yalikuwa yale yale yaliyokuwa yanapoza chai. Alitamani kumshika shavu. Alitamani pia kumpiga na beleshi, na tamaa zote mbili zilikuwa za kweli.

"Bado nina hasira," akasema.

"Naziona."

"Kunicheka kulikuwa kubaya. Kunificha kulikuwa kubaya zaidi."

"Najua."

"Hujui. Uliona mimi ni yai. Uliona nikiguswa nitapasuka."

"Uliniogopesha, Sindano." Akasema hivyo akitazama chini, kwenye maji. "Ulikuwa huli. Hulali. Mimi najua kutengeneza kitu kikiharibika, nikifungua naona ni wapi. Wewe sikuona ni wapi. Nikaona bora nicheke, maana nikianza kulia, nani atamshika mwenzake?"

Hili Sindano hakulitegemea. Watu wa jirani wakajifanya wanafanya kazi kwa bidii sana.

"Siku nyingine," Sindano akasema, "ukijua kitu, niambie. Hata kama nalia."

"Hata kama unalia."

"Hasa kama nalia."

"Sawa. Na wewe ukiona nimeifunika ile mashine tena?"

"Nitakuja nikufunike wewe."

Mama Vifungo akashindwa kujizuia, akacheka mpaka akalazimika kukalia gunia.

Matone ya kwanza yalikuwa yameanza kudondoka, makubwa, ya kuhesabika, wakati mwavuli mweusi ulipotokea kwenye kona ya vibanda. Chini yake alikuwapo mama yake Fundi Baridi, na nyuma yake shangazi anahema.

"Kwa hiyo ni kweli," mama akasema, akiwatazama wote wawili pale chini. "Nimeletewa habari kwamba harusi imevunjwa. Nikaja mbio na magoti yangu haya. Nakuta bwana na bibi harusi wamo kwenye mtaro wa maji machafu. Niambieni nielewe. Ipo au haipo?"

Fundi Baridi aliegemea koleo lake. Alimtazama Sindano, na akangoja. Hakutia kichekesho chochote katika kungoja kule, na Sindano aliona ni kazi ngumu kiasi gani kwake.

"Ipo, mama," Sindano akasema. "Mvua za msimu huu zikiisha. Kabla ya hapo tuna mtaro huu, na kule chini unakopinda bado umeziba."

"Na mjukuu wangu?"

Maji yalikuwa yameanza kutembea miguuni mwao, kwanza kwa uvivu, kisha kwa haraka kidogo. Mbele kule kwenye kona yalikusanyika, yakasita, yakaanza kupanda kuelekea mlango wa Mzee Suruali, naye akapiga kelele waache mapenzi waje wasaidie.

"Mama, sitakudanganya," Sindano akasema, akiwa amekwisha kugeuka kwenda huko. "Bado naogopa. Nikizaa, nitazaa huku naogopa. Nisipozaa, itakuwa tumekaa chini mimi na mwanao tukakubaliana, si kwamba nimepotea kwenye simu. Jibu lingine leo sina."

"Hilo si jibu."

"Ndilo lililopo, mama," Fundi Baridi akasema kwa upole, akamfuata mchumba wake.

Mwanamke yule alisimama juu ya ukingo, mdomo umekaza, mvua ikigonga mwavuli. Shangazi akajaribu kumshika mkono amwongoze wakajikinge. Akaukataa. Aliwatazama wale wawili wanavyoinama pamoja kwenye kona ya mtaro, wanavyogombana ni nani achote wapi, na vitambaa vinavyorushwa juu bila mtu wa kuvipokea, vinateleza, vinarudi majini. Jambo hilo la mwisho lilimshinda kuvumilia.

Akaufunga mwavuli, akampa shangazi. Akachukua gunia tupu, akashuka mpaka karibu na maji, akaufungua mdomo wa gunia kwa mikono miwili.

"Mimi sijaridhika," akasema. "Mnisikie wote wawili. Sijaridhika hata kidogo."

"Tumekusikia, mama," Sindano akasema.

"Haya, tieni humu. Mvua haingoji niridhike."